Blink (neno la Kiingereza)

"Blink" ni neno la Kiingereza lenye maana ya msingi ya kufumba na kufumbua macho kwa haraka, aghalabu bila mtu mwenyewe kukusudia. Kwa Kiswahili kitendo hicho huitwa kupepesa macho au kupesa macho. Kutokana na maana hiyo neno limepata matumizi mengine mengi: hutaja taa inayowaka na kuzima, muda mfupi sana, kusitasita, kulegeza msimamo katika mvutano, na hata chombo kilichoanza kuharibika. Ni pia jina la kitabu, la bendi ya muziki na la programu ya kompyuta.

Neno hili huwasumbua wanafunzi na wafasiri kwa sababu lina jirani yake wa karibu, yaani "wink", ambalo nalo lahusu jicho kufumbwa lakini maana yake ni kukonyeza. Kinachotofautisha maneno hayo mawili hasa ni nia ya mwenye jicho. Anayepepesa hasemi kitu. Anayekonyeza anampa mtu ujumbe.

Matamshi na sarufi

Neno hutamkwa kama silabi moja, na herufi "n" iliyo mbele ya "k" hutoa sauti ya ng' kama katika neno ng'ombe. Ni kitenzi cha kawaida: wakati uliopita ni "blinked", na hali ya kuendelea ni "blinking". Hutumika pia kama nomino, ambapo "a blink" ni tendo moja la kupepesa.

Kiingereza kinaweza kusema "she blinked" bila kutaja macho, kwa kuwa kitenzi chenyewe kimeshabeba maana ya jicho. Kiswahili kwa kawaida hutaja kiungo: alipepesa macho. Mfasiri anayeacha neno "macho" huifanya sentensi yake ielee.

Asili ya neno

Neno lilianza kuonekana katika Kiingereza cha Enzi za Kati. Lina ndugu katika lugha nyingine za Kijerumani: kitenzi "blinken" cha Kiholanzi chamaanisha kung'aa, na kile cha Kijerumani chenye tahajia hiyohiyo chamaanisha kumetameta au kutoa ishara kwa taa. Kwa hiyo wazo la mwanga unaokuja na kuondoka limo katika ukoo wa neno hili tangu zamani. Kusema kwamba taa "inapepesa" si mzaha uliobuniwa na mafundi wa umeme.

Katika karne ya 16 neno lilitumika pia kwa mtu anayetazama kwa macho yaliyofumbwa nusu, kama mwenye usingizi au uoni hafifu. William Shakespeare alilitumia hivyo katika mchezo wa The Merchant of Venice, ambao wasomaji wa Kiswahili wanaufahamu kwa jina la Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotolewa mwaka 1969. Humo mchumba mmoja anafungua sanduku la fedha akitumaini kupata picha ya Portia, naye anakuta picha ya mpumbavu mwenye macho ya namna hiyo.

Maana ya msingi: kupepesa macho

Mtu mzima aliyetulia hupepesa macho mara 15 hadi 20 hivi kwa dakika. Kila mara kope hushuka na kupanda katika muda wa sehemu moja hadi nne za kumi za sekunde. Mtu anayepepesa mara 15 kwa dakika na kukaa macho kwa saa 16 atakuwa amepepesa mara 14,400 kabla ya kulala, na karibu zote hazikumbuki. Watoto wachanga hupepesa mara chache zaidi, pengine mara mbili au tatu tu kwa dakika.

Neno "blink" hutumika kwa aina tatu za tendo hilo:

- Kupepesa kwa kawaida. Hutokea kwenyewe mchana kutwa. Kope hutandaza machozi juu ya jicho kama mtu anayefuta kioo, na hivyo kulizuia lisikauke. Machozi hayo si maji matupu; yana mafuta yanayozuia maji yasikauke upesi, na ute unaoyashikiza kwenye uso wa jicho.
- Kupepesa kwa kustuka. Hutokea vumbi linapoingia, kitu kinapolijia jicho ghafla, mwanga mkali unapowaka au mlio mkubwa unaposikika. Ni ulinzi, nao hutangulia fikira.
- Kupepesa kwa kukusudia. Hutokea mtu anapoambiwa afumbe na kufumbua, au anapoamua mwenyewe.

Misuli miwili ndiyo inayofanya kazi hii. Mmoja umezunguka jicho kama pete na hulifumba ukiamriwa na neva ya saba ya kichwa. Mwingine hunyanyua kope la juu ukiamriwa na neva ya tatu. Hisi ya kuguswa kwa jicho hupelekwa na neva ya tano.

Mtu anaposoma kitabu au kutazama skrini kwa makini, hupepesa mara chache kuliko kawaida. Hii ni sababu mojawapo ya macho kuwasha na kuchoka baada ya kazi ndefu ya kompyuta au simu.

Si viumbe wote wanaopepesa. Nyoka hawana kope zinazocheza, kwa kuwa jicho la nyoka limefunikwa na gamba angavu. Samaki wengi nao hawana kope za namna hiyo. Ndiyo maana Kiingereza hutumia kivumishi "unblinking" kwa jicho kavu lisilopepesa, na kwa sitiari hulitumia kwa mtu anayetazama jambo baya bila kugeuza uso. Ndege, kwa upande wao, wana utando wa tatu unaopita juu ya jicho kutoka pembeni.

Tofauti kati ya "blink" na "wink"

Kwa kawaida mtu hupepesa kwa macho mawili na hukonyeza kwa jicho moja. Kanuni hiyo husaidia darasani, lakini haitoshi. Mtu aliyeingiwa na kidudu katika jicho moja anaweza kulifumba hilo peke yake, na bado hajamkonyeza mtu.

Mfano maarufu kuhusu jambo hili ulitolewa na mwanafalsafa Mwingereza Gilbert Ryle, na mwanaanthropolojia Mmarekani Clifford Geertz akaueneza katika kitabu chake cha mwaka 1973, The Interpretation of Cultures. Wavulana wawili wanafumba haraka jicho la kulia. Mmoja jicho lake linacheza lenyewe. Mwingine anampa rafiki yake ishara ya siri. Kamera ingeonyesha picha ileile kwa wote wawili. Hata hivyo, tendo la pili lina mtumaji, mpokeaji, ujumbe na makubaliano yanayofahamika katika jamii yao, ilhali la kwanza halina lolote kati ya hayo. Geertz alitumia mfano huo kueleza kwamba kazi ya mtafiti wa utamaduni ni kutambua tofauti hiyo, si kuhesabu misuli iliyocheza.

Kwa msemaji wa Kiswahili tofauti hii ni nzito. Kumwambia mtu "ulimkonyeza" ni kumtuhumu kwamba alikuwa na siri, mzaha au mahaba naye. Kumwambia "ulipepesa macho" ni kutaja jambo la mwili tu. Mfasiri wa hadithi akiweka neno moja mahali pa lingine, anaweza kumfanya mhusika asiye na hatia aonekane mshawishi.

Zamani "wink" lilimaanisha kufumba macho kwa jumla. Maana hiyo imebaki katika nahau chache tu. "Forty winks" ni usingizi mfupi wa mchana, na mtu anayesema "I didn't sleep a wink" anasema hakupata hata lepe la usingizi.

Nahau na matumizi ya sitiari

Nahau nyingi za neno hili zimetoka katika sifa mbili za tendo lenyewe: ni fupi mno, na mtu hushindwa kulizuia.

- "In the blink of an eye": kwa muda mfupi sana. Kiswahili kina nahau inayolingana nayo kabisa, yaani kufumba na kufumbua. Taswira hii ni ya kale. Qurani, katika Surat An-Nahl aya ya 77, inaufananisha ujio wa Kiyama na kupepesa kwa jicho, na Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho 15:52 una taswira kama hiyo kuhusu ufufuo.
- "Blink and you'll miss it": hutumika kwa jambo linalopita upesi au mahali padogo mno. Mtu akipepesa tu, limekwisha kumpita.
- "Without blinking": bila kusita wala kuona haya. Kiswahili husema bila kupepesa macho, hasa kwa mtu anayesema ukweli mchungu mbele ya wakubwa.
- "To blink back tears": kujizuia kulia kwa kupepesa ili machozi yasidondoke.
- "To blink at something": kushangazwa na jambo. Katika maandishi ya zamani kidogo hutumika pia kwa kujifanya hukuliona, yaani kulifumbia macho.
- "On the blink": husemwa kwa mashine isiyofanya kazi vizuri, kwa mfano jokofu linalozima na kuwaka. Hapa jicho halimo tena, na tafsiri ni kusema kwamba chombo kina hitilafu au kimeanza kusumbua.

Katika Kiingereza cha Uingereza "blinking" huongezwa pia mbele ya nomino kuonyesha hasira ndogo, badala ya tusi zito. Anayesema "the blinking door" hasemi kwamba mlango unapepesa. Anasema mlango umemkera. Mwanafunzi aifahamu maana hii anapoikuta, lakini haifai katika insha wala barua rasmi.

Neno "blinkers" hutaja vipande vya ngozi vinavyowekwa pembeni mwa macho ya farasi ili atazame mbele tu. Kutokana nalo, mtu mwenye mawazo finyu, asiyetaka kuona upande mwingine wa jambo, huitwa "blinkered".

Katika siasa

Watoto wa nchi nyingi wana mchezo wa kukodoleana macho, ambapo anayepepesa wa kwanza ameshindwa. Taswira hiyo iliingia katika historia ya dunia mwezi Oktoba 1962, wakati wa mgogoro wa makombora ya Kisovyeti nchini Cuba. Marekani ilikuwa imeweka meli zake za kivita kuzuia silaha zisifike kisiwani, na ulimwengu ulihofia vita vya nyuklia. Tarehe 24 Oktoba ilipokuja habari kwamba baadhi ya meli za Kisovyeti zimesimama au kugeuka, Dean Rusk, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alitamka kwamba pande mbili zilikuwa zimekodoleana macho na upande wa pili ndio uliopepesa.

Maneno hayo yalienea, na tangu hapo magazeti ya Kiingereza hupenda kuuliza "who will blink first" kila panapotokea mgomo, mazungumzo ya biashara au mvutano wa nchi mbili. Kwa Kiswahili ni afadhali kuuliza nani atalegeza msimamo kwanza, au nani atarudi nyuma kwanza. "Kusalimu amri" ni nzito kupita kiasi, kwani aliyepepesa hajashindwa vita. Ameonyesha tu kwamba hakuweza kuvumilia zaidi.

Kupepesa kama lugha

Kuna nyakati ambapo kupepesa hubeba ujumbe, na Kiingereza bado huliita tendo hilo "blink" wala si "wink".

Mwaka 1966 rubani wa jeshi la majini la Marekani, Jeremiah Denton, aliyekuwa mateka Vietnam ya Kaskazini, aliwekwa mbele ya kamera za televisheni aeleze kwamba anatendewa vyema. Alijibu maswali kwa mdomo huku akijifanya anasumbuliwa na mwanga wa taa. Kwa macho yake alipepesa mara fupi na mara ndefu kwa kufuata alfabeti ya Morse, akaandika neno la Kiingereza lenye maana ya mateso. Hila hiyo ilifaulu kwa sababu walinzi wake walidhani wanaona kupepesa kwa kawaida. Baadaye Denton alikuwa seneta wa jimbo la Alabama kuanzia 1981 hadi 1987.

Mwandishi wa habari Mfaransa Jean-Dominique Bauby, mhariri mkuu wa jarida la Elle, alipatwa na kiharusi mwezi Desemba 1995. Mwili wake ulipooza karibu wote, lakini akili ilibaki timamu. Kilichobaki chini ya amri yake kilikuwa kope la jicho la kushoto. Msaidizi alimsomea herufi moja moja, kwa mpangilio ulioanza na zile zinazotumika zaidi katika Kifaransa, naye alipepesa herufi aliyoitaka ilipotajwa. Kwa njia hiyo aliandika kitabu kizima, Le Scaphandre et le papillon, kilichotoka mwezi Machi 1997. Alifariki siku chache baada ya kitabu kutoka.

Katika tiba

Daktari hutazama kupepesa kwa sababu kunaonyesha hali ya neva na ubongo. Kwa mgonjwa aliyepoteza fahamu, konea huguswa kwa pamba laini. Jicho lisipojifumba, huenda shina la ubongo au neva zinazohusika zimeathirika. Watu wenye ugonjwa wa Parkinson hupepesa mara chache kuliko kawaida, na hii ni sababu mojawapo ya nyuso zao kuonekana kama hazina hisia.

Neva ya saba ikipooza, kope hushindwa kufunga. Hali hii huwapata watu waliopooza upande mmoja wa uso, na pia baadhi ya wagonjwa wa ukoma. Jicho lisilofumbwa hukauka, hupata vidonda na laweza kupofuka, hivyo mgonjwa hupewa dawa ya kulilainisha na pengine hufungwa jicho wakati wa kulala. Katika trakoma mambo hugeuka: makovu huvuta ukingo wa kope kwa ndani, na nywele zake hukwaruza konea kila mtu anapopepesa. Tendo la kulinda jicho huwa ndilo linaloliumiza, mpaka kope lirekebishwe kwa upasuaji.

Katika taa na kompyuta

Taa inayowaka na kuzima kwa kurudiarudia husemwa kuwa "blinking". Wamarekani huita indiketa ya gari "blinker". Wanaoanza kujifunza vifaa vya Arduino hukutana na programu fupi iitwayo Blink, inayowasha taa ndogo kwa sekunde moja na kuizima kwa sekunde moja.

Katika miaka ya 1990 kivinjari cha Netscape kilikuwa na tagi iliyoitwa "blink", iliyofanya maandishi ya ukurasa yawake na kuzima. Ilichukiwa na wasomaji wengi kwa kuchosha macho, na Firefox iliacha kuitumia mwaka 2013. Mwaka huohuo Google ilitangaza injini ya kuonyesha kurasa za tovuti na kuipa jina la Blink. Injini hiyo hutumika katika Chrome, Opera na matoleo mapya ya Microsoft Edge. Jambo la kuchekesha ni kwamba yenyewe haiwezi kufanya maandishi yapepese kwa tagi ile ya zamani.

Mwanga unaopepesa kwa kasi unaweza pia kuleta madhara. Baadhi ya watu wenye kifafa hupata degedege wakiutazama. Mwezi Desemba 1997, mamia ya watoto nchini Japani walipelekwa hospitali baada ya kutazama kipindi cha katuni za Pokémon kilichokuwa na mwanga wa rangi nyekundu na buluu uliobadilika upesi. Miongozo ya kimataifa ya tovuti hushauri kwamba kitu chochote kwenye ukurasa kisimulike zaidi ya mara tatu kwa sekunde.

Katika kazi za sanaa

Mwandishi Malcolm Gladwell alikiita kitabu chake cha mwaka 2005 Blink, kwa kuwa kinahusu maamuzi yanayofanyika katika muda wa kufumba na kufumbua. Tamthilia ya televisheni ya Uingereza, Doctor Who, ina kipindi chenye jina hilo cha mwaka 2007, ambamo sanamu za malaika husogea pale tu mtazamaji anapopepesa. Blink-182 ni bendi ya muziki wa roki kutoka California, Marekani.

Kulifasiri neno kwa Kiswahili

Hakuna neno moja la Kiswahili linalofaa kila mahali. Mfasiri hujiuliza kwanza ni nini kinachotajwa:

- Jicho lenyewe: kupepesa macho, kupesa macho.
- Muda mfupi: kufumba na kufumbua.
- Taa: kuwaka na kuzima, kumulika kwa kukatizakatiza.
- Mvutano: kulegeza msimamo, kurudi nyuma.
- Kutosita: bila kupepesa macho.
- Chombo kibovu: kuwa na hitilafu.

Maneno mengine ya macho yasichanganywe na haya. Kukodoa ni kuyatoa macho wazi, kurembua ni kuyalegeza kwa madaha, kutupia jicho ni kutazama mara moja na kuacha, na kukonyeza ni kutoa ishara.

Umuhimu wa tofauti hizi huonekana zaidi kando ya kitanda cha mgonjwa asiyeweza kusema. Mkalimani akimwambia "konyeza kama unanisikia", mgonjwa huyo anaweza kujaribu kufumba jicho moja, jambo ambalo hata baadhi ya watu wazima wenye afya hawaliwezi, naye akahesabiwa kuwa hasikii. Maagizo yaliyo wazi ni haya: fumba macho, fumbua, mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana.